Mguu Mmoja Ukivimba Baada ya Mafua: Vidokezo kwa Watu wa Foleni ya Tunduma

Tunduma ni mji wa kukaa. Mgeni anaupita akidhani ni mji wa mbio, kwa jinsi bodaboda zinavyopenya kati ya malori na wachuuzi wanavyokimbilia madirisha ya mabasi. Lakini hebu tazama vizuri. Dereva wa lori la kwenda Lubumbashi amekaa. Wakala wa forodha anayeshughulikia makaratasi yake amekaa mbele ya kompyuta. Mama wa kubadilisha kwacha amekaa kwenye kiti chake cha plastiki tangu alfajiri. Abiria aliyeshuka na basi la Dar es Salaam amekaa zaidi ya kilomita 900, na jambo la kwanza analotafuta ni mahali pa kukaa anywe chai.

Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019 ili kupunguza kusubiri, na kimepunguza. Hata hivyo zipo siku foleni inanyoosha mkia kuelekea Mpemba, na mtu analala usiku wa pili ndani ya kabini, magoti yamekunjwa kama kisu cha kukunja.

Sasa ongeza baridi ya Juni na Julai, ile inayoshuka kutoka milima ya Mbozi na Ileje, pamoja na mafua yanayozunguka kabini hadi kabini. Mafua kila mtu anayajua: kamasi, kikohozi, mwili kuvunjika. Kisichojulikana sana ni kwamba virusi vya njia ya hewa, hasa vikali kama vya UVIKO-19 na influenza, vinaweza kuigandisha damu ndani ya mishipa wakati wa ugonjwa na hata wiki kadhaa baada ya mgonjwa kusema amepona. Vidokezo vifuatavyo ni vya watu wa hapa.

1. Jua mambo matatu, na ujue lipi lako

Damu kuganda ni jambo jema mahali pake. Ukijikata kisu ukimenya muhogo, damu isipoganda utaisha. Tatizo ni damu kuganda ndani ya bomba, pasipo na kidonda. Mwaka 1856 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alieleza jinsi donge la damu linavyosafiri na kuziba mshipa wa pafu, na mpaka leo madaktari wanafundishwa mambo matatu kwa jina lake: ukuta wa mshipa kuumia, damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda, na damu kwenda polepole.

Virusi vinakuletea mawili ya kwanza. Maambukizi makali huujeruhi utando laini ulio ndani ya mishipa, ule unaofanya damu iteleze. Ini nalo linazalisha kwa wingi protini za kugandisha. Na kuna jambo la kushangaza: aina moja ya chembe nyeupe, zile askari wa mwili, hutupa nyavu. Nyavu kweli, nyuzi za vinasaba vyake zenyewe, ili kunasa wadudu, kama wavuvi wa Ziwa Rukwa wanavyotupa zao. Shida ni kwamba nyavu hizo hazichagui. Hunasa na chembe sahani, na chembe nyekundu, na donge linaanza.

La tatu, damu kwenda polepole, virusi havihitaji kukuletea. Tunduma wanalo la kutosha.

2. Usidhani habari hii iliisha na UVIKO

Ni kweli UVIKO ndiyo iliyolifanya jambo hili lijulikane. Mwaka 2020 madaktari wa Uholanzi walifuatilia wagonjwa 184 waliolazwa chumba cha uangalizi maalumu, na karibu mmoja kati ya watatu, asilimia 31, alipata tatizo la damu kuganda, ingawa wote walikuwa wakipewa dawa ya kuzuia. Watu wa mpakani tunaukumbuka mwaka ule kwa sababu nyingine: mwezi Mei Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa baada ya maambukizi kuongezeka, na foleni ikawa haina kichwa wala mkia.

Lakini influenza nayo imo. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa 2018, kabla UVIKO haijazaliwa, ulionyesha kwamba ndani ya siku saba baada ya mtu kuthibitika ana influenza, uwezekano wa kupata shambulio la moyo ulikuwa mara sita ya kawaida yake. Na shambulio la moyo mara nyingi ni donge tu la damu, lililoamua kukaa kwenye mshipa unaolisha moyo badala ya mguuni.

Kamasi za siku mbili zisikutie hofu. Ninayemsema hapa ni mtu aliyelala kitandani siku tatu, homa imempiga, chakula hakipiti.

3. Kanyaga klachi hata kama gari limezimwa

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakina gharama.

Mwaka 1940, ndege za Ujerumani zilipokuwa zikiishambulia London, watu walikesha kwenye mahandaki wakiwa wamekalia viti vya kukunja vya kitambaa. Keith Simpson, daktari wa kuchunguza maiti, akaanza kuona jambo la ajabu: watu wanakufa ghafla asubuhi, hawakuguswa na bomu. Alipowapasua akakuta madonge ya damu kwenye mapafu. Ule mti wa mbele wa kiti ulikuwa ukibana nyuma ya mapaja usiku kucha, na damu ya miguuni ilikuwa haina njia. Alipoandika habari hiyo, dawa aliyoona inafaa haikuwa ya hospitali: watu walale, wasikae.

Ukisoma habari hiyo huku umeegemea usukani katika foleni, unaona jinsi London ya 1940 ilivyo karibu na Tunduma.

Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa yake 2007 kuhusu safari ndefu: kukaa saa nne au zaidi, iwe ndege, basi, treni au gari, huongeza takribani maradufu uwezekano wa damu kuganda. Kwa mtu mzima mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, takribani mtu mmoja kwa kila 6,000. Tatizo linakuja pale unapoanza safari ukiwa tayari na mambo mawili ya Virchow mwilini.

Kwa hiyo fanya hivi. Shavu la mguu, ile nyama ya nyuma chini ya goti, ni pampu: kila ikikaza inaisukuma damu kwenda juu. Ukikaa, pampu imezimwa. Iwashe. Vua viatu, kandamiza vidole vya mguu chini kama unakanyaga klachi hadi mwisho, kisha vivute juu uvielekeze kwenye muundi. Mara 20 kila mguu, kila nusu saa. Abiria wa basi la Dar anaweza kufanya hivyo hivyo bila kumsumbua jirani. Kila saa mbili shuka, zunguka lori lako mara mbili tatu. Kama unaona aibu, jifanye unakagua matairi.

Na ukilala, lala. Kitanda cha kabini, au gesti ya bei nafuu, ni bora kuliko kiti kilichoshushwa nyuma. Kama kitanda kimechukuliwa na mizigo ya magendo ya shemeji, hilo ni la kwenu wawili.

Mgonjwa aliye nyumbani naye yumo kwenye kidokezo hiki. Tuna desturi ya kumtunza mgonjwa kwa kumzuia asinyanyuke: analetewa uji, analetewa beseni, anafunikwa blanketi mbili. Ni upendo, ila akiweza kusimama asimame. Aende hadi mlangoni, aote jua, arudi.

4. Kunywa maji, kisha ukubali kukojoa

Madereva wana mbinu ya zamani: usinywe maji na hutahitaji kusimama. Mbinu hiyo inafanya kazi vizuri sana mpaka siku unapokuwa na homa. Homa inakausha, kuhema kwa kasi kunakausha, na damu iliyopungukiwa maji huwa nzito; kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu haviwezi kuwa badala ya maji. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, umechelewa.

Najua maji ya Tunduma yana historia yake, na anayenunua kwa dumu huwa na mkono mzito wa kuyanywa. Uji mwembamba unahesabika. Supu inahesabika. Chai ya maziwa nayo.

5. Pima miguu yote miwili kwa futi ya fundi cherehani

Vitabu vingi vinasema donge la damu mguuni huleta wekundu. Vilivyoandikwa kwa ajili ya ngozi ya Uswidi vinasema kweli kwao. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usiuone kabisa, au ukaona mguu umeiva kuwa mweusi zaidi unang'aa. Hivyo tumia vitu vingine vitatu.

Kwanza, mkono. Pitisha nyuma ya kiganja kwenye shavu la mguu mmoja, kisha wa pili. Wenye donge mara nyingi ni wa moto zaidi.

Pili, futi. Tafuta lile fupa linalochomoza chini kidogo ya goti, shuka sentimita 10, zungusha futi. Andika. Fanya mguu wa pili. Madaktari wenyewe hutumia kipimo hiki: tofauti ikizidi sentimita 3 wanaichukulia kwa uzito. Fundi cherehani yupo kila mtaa, na hatakutoza.

Tatu, jiulize ni mguu mmoja au yote miwili. Miguu yote miwili kuvimba kifundoni baada ya safari ya kutwa ni kawaida na hupungua ukilala. Mguu mmoja kuvimba, unauma kama misuli iliyokaza, na haupungui asubuhi, huo ni wa kupeleka hospitali siku hiyo hiyo. Hata kama futi inaonyesha sentimita mbili tu, maumivu mapya ya mguu mmoja kwa mtu aliyetoka kuugua yanastahili kuonwa.

6. Usichue

Mguu ukiuma, nchi nzima ina jibu moja: ukandwe. Maji ya moto na chumvi, kitambaa, kisha dawa ya kuchua, na shangazi mwenye vidole vya chuma. Kwa misuli iliyochoka hakuna ubaya. Kwa donge la damu ni hatari, kwa sababu donge changa halijashika vizuri. Linaning'inia kwenye ukuta wa mshipa kama tope kwenye tairi. Ukilisukuma na kulikamua linaweza kukatika na kusafiri.

Inamaanisha kwamba kama umetoka kuugua mafua makali au UVIKO ndani ya miezi mitatu iliyopita na mguu mmoja umevimba, mkono wa shangazi usubiri. Mwambie kwa heshima: "Shikamoo shangazi, nisaidie kwanza nauli ya bajaji, kuchua tutachua nikirudi." Chale nazo zisubiri, tena zaidi, kwa sababu ukifika hospitali ukaanzishiwa dawa ya kuzuia damu isigande, vile vidonda vidogo vitatoka damu bila kukoma.

7. Pumzi ikikatika ghafla, usijiendeshe

Donge likikatika mguuni hupanda na damu, hupita upande wa kulia wa moyo, na kukwama kwenye mishipa ya mapafu. Dalili zake hazibishi hodi: pumzi inakatika ghafla tofauti na ile ya mafua iliyokuwa ikipungua polepole, kifua kinachoma ukivuta hewa ndani, moyo unakimbia ukiwa umekaa, mtu anazimia akinyanyuka kwenda chooni. Mwingine hukohoa damu, na hapa mpakani damu kwenye kikohozi ina jina moja tu, kifua kikuu. Inaweza kuwa kifua kikuu kweli. Lakini kifua kikuu hakianzi saa nne usiku kwa mtu aliyekuwa anacheza drafti saa tatu.

Mwanzoni mwa 2021 tulikuwa na msemo, "changamoto ya upumuaji". Ulikuwa msemo mpana kama turubai. Ulifunika nimonia, ulifunika UVIKO, na bila shaka ulifunika na madonge ya mapafu. Sasa hivi tuna uhuru wa kulitaja tatizo kwa jina lake, tuutumie.

Kama ni dereva, asiendeshe hata mita 100. Hapa ndipo tandiboi, msaidizi wa dereva, anapokuwa mtu muhimu kuliko wote katika foleni. Zima gari, weka kabari, amsha dereva wa nyuma aangalie mzigo, tafuta bajaji, maana bajaji hupenya pasipopenya gari la wagonjwa. Dereva akisema "niache nipumzike kidogo, dogo", usimwache. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure. Mjini kuna vituo vya kuanzia, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe iko Vwawa, na juu yake ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda jijini Mbeya. Anzia pa karibu. Pale wataanza oksijeni na kuamua safari inayofuata.

Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukianguka, maneno yakichanganyika, hilo ni donge la kichwani hadi vipimo viseme vinginevyo. Kiharusi si upepo. Mbio zile zile.

8. Asprini si pipi

Habari ikienea kwamba mafua yanagandisha damu, duka la dawa litauza asprini. Nalijua hilo kabla sijaandika. Kwa hiyo tulimalize.

Uingereza waliijaribu asprini kwa wagonjwa karibu 15,000 waliolazwa kwa UVIKO, katika utafiti mkubwa uitwao RECOVERY, na majibu yakatoka 2021. Waliopewa asprini walikufa asilimia 17 ndani ya siku 28. Wasiopewa walikufa asilimia 17. Damu kuganda kulipungua kidogo, damu kuvuja kukaongezeka kidogo, hesabu ikarudi pale pale. Kama daktari alikwisha kukuandikia asprini kwa ajili ya moyo au kiharusi cha zamani, endelea nayo usiiache. Kama hukuandikiwa, usiianze kwa sababu ya makala hii. Na mtoto mwenye mafua asipewe kabisa. Kwa watoto asprini pamoja na virusi inaweza kuleta ugonjwa adimu lakini mbaya wa ini na ubongo. Parasetamoli inatosha.

Deksamethasoni nayo ina kesi yake. Utafiti huo huo ulionyesha Juni 2020 kwamba inaokoa maisha ya wagonjwa wa UVIKO walio kwenye oksijeni au mashine ya kupumulia. Kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia. Anayekuuzia vidonge vinne kwenye kikaratasi ukiwa na kikohozi tu, anakuuzia ushahidi wa mtu mwingine.

9. Kujifukiza: jifukize, kisha unywe

Sitaingia katika ugomvi wa mwarobaini na michaichai. Pua iliyoziba hufarijika kwa mvuke na hakuna haja ya kumnyima mtu faraja. Ila mvuke hauliyeyushi donge. Na blanketi likitoka limelowa jasho, ujue ni maji ya mwili wako. Yarudishe, glasi mbili. Sufuria iwekwe mbali na watoto.

10. Nani aongeze umakini

Hatari haigawanywi sawa. Aliyewahi kupata donge la damu huko nyuma yuko mbele ya wote. Anamfuata aliyelazwa, aliyevunjika mguu au kufanyiwa upasuaji hivi karibuni, na mwenye saratani. Umri unahesabika, unene unahesabika, na sigara pia.

Akina mama, hili ni lenu. Mjamzito, na zaidi mzazi aliye ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, damu yake iko tayari kuganda. Maumbile yamepanga hivyo ili asipoteze damu nyingi wakati wa kujifungua. Akipata mafua makali, asilazwe ndani siku arobaini bila kutembea hata kama bibi ndivyo alivyofanyiwa. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo huongeza hatari kiasi. Usiviache ghafla ukajikuta na mimba, ambayo inagandisha zaidi ya kidonge. Nenda kliniki uzungumze, zipo njia zisizo na estrojeni, kijiti kikiwa kimojawapo.

Wenye selimundu wanajua jinsi maambukizi ya kifua yanavyoweza kuamsha balaa. Kwao kikohozi chenye homa na maumivu ya kifua ni safari ya hospitali, hakisubiri kesho. Na kwenye barabara kuu hii yenye watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ni vizuri kusema wazi kwamba VVU navyo huongeza uwezekano wa damu kuganda, zaidi kwa asiyetumia dawa. Dereva, ARV zako ziwe kabini, za kukutosha hadi Kolwezi na kurudi.

11. Kuhusu ile chanjo

Kila nikizungumzia damu kuganda, kuna mtu nyuma ananyoosha kidole: "Si ndiyo ile chanjo?" Ana haki ya kuuliza, na jibu lina namba nzuri.

Julai 2021 Tanzania ilipokea dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen, na Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani tarehe 28. Miezi mitatu kabla, Aprili, Marekani ilikuwa imeisimamisha chanjo hiyo hiyo kwa muda baada ya watu 6 kati ya takribani milioni 6.8 kupata aina adimu ya damu kuganda. Baadaye hesabu ya Marekani ilitulia kwenye karibu watu wanne kwa kila dozi milioni moja. Tatizo lilikuwa la kweli, na lilipompata mtu lilikuwa baya. Waliosema ni uzushi mtupu walikosea.

Sasa sikia bahati ya tarakimu. Uswidi walifuatilia watu wao waliothibitika kuugua UVIKO kuanzia Februari 2020 hadi Mei 2021. Walikuwa 1,057,174, karibu sawasawa na idadi ya dozi zilizotua kwetu. Ndani ya siku 30 za ugonjwa, waliopata donge la mapafu kwa mara ya kwanza walikuwa 1,761. Katika kundi la kulinganisha la watu wasiougua, lililokuwa kubwa karibu mara nne, walikuwa 171.

Weka ndoo mbili kando kando. Ndoo ya dozi milioni moja: watu wanne hivi. Ndoo ya wagonjwa milioni moja: zaidi ya 1,600. Uswidi ina wazee wengi kuliko Songwe, na hatari ilikuwa kubwa zaidi katika wimbi la kwanza na kwa waliolazwa, kwa hiyo usizichukue tarakimu hizo kama zilivyo ukazibandika Vwawa. Lakini pengo ni pana mno kuzibwa na tofauti ya umri.

12. Ukifika kwa daktari, sema neno lenyewe

Foleni ya hospitali nayo ni foleni, na daktari ana dakika chache. Ukisema "mguu unauma", utapata dawa ya maumivu. Sema hivi: "Shikamoo daktari. Niliugua mafua makali wiki tatu zilizopita, nikakaa garini siku nne, mguu huu mmoja umevimba tangu juzi. Inaweza kuwa donge la damu?" Umempa habari anazozihitaji ndani ya pumzi moja. Kama daktari ni kijana kuliko wewe, "habari ya kazi, daktari" inatosha. Lililo muhimu ni swali la mwisho.

Kipimo cha mguu ni cha mionzi sauti, kile kile cha wajawazito, hakiumi. Kuna kipimo cha damu kiitwacho D-dimer. Kikiwa chini kinasaidia kuondoa wasiwasi, lakini kikiwa juu baada ya maambukizi hakithibitishi kitu peke yake. Usikimbilie kukilipia kabla ya kuonwa na mtu.

Ikithibitika, utaanza na sindano ya heparini au ya jamii yake, mara nyingi chini ya ngozi ya tumbo, na itaacha alama ndogo za damu kuvilia. Ndugu wasishtuke. Heparini hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Mwislamu anayetaka kujua aulize, aelezwe, na aamue akiwa na habari kamili, maana zipo dawa mbadala ingawa si kila mahali.

Kisha vidonge, kwa kawaida miezi mitatu angalau. Vya bei nafuu ni warfarini, dawa iliyoanza maisha yake miaka ya 1940 ikiwa sumu ya panya kabla haijawa tiba ya binadamu. Panya wanakufa kwa dozi. Wewe unapona kwa dozi. Tofauti ni kipimo cha damu kiitwacho INR, ambacho kwa donge la namna hii hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Usikiruke. Mchicha, chainizi na kisamvu vina vitamini K inayopigana na warfarini. Kula, usiache, ila kula kiasi kile kile kila wiki. Kinachovuruga ni kula mboga hizo Kwaresima nzima kisha kuziacha ghafla Pasaka. Usichanganye na diklofenaki wala asprini bila ruhusa. Na ukivuka kwenda Nakonde, usinunue nyingine ya nguvu tofauti kwa kuwa rangi ya kidonge imefanana. Kinyesi kikiwa cheusi kama lami, au fizi zikitoa damu bila sababu, rudi hospitali.

13. Andika tarehe

Utafiti ule wa Uswidi uligundua kwamba hatari ya donge la mguu ilibaki juu kwa miezi mitatu baada ya UVIKO, na ya donge la mapafu kwa miezi sita. Nani hukumbuka aliugua lini? Hapa kwetu tunahesabu kwa mavuno ya kahawa na bei ya mahindi.

Chukua kalamu. Nyuma ya kile kizuia jua cha kabini, mahali unapobandika kibali na picha ya mtoto, andika tarehe uliyoanza kuumwa. Kama ni Juni 10, chini yake andika Septemba 10: mguu. Chini yake tena, Desemba 10: pumzi. Kisha mwonyeshe tandiboi.